Meza Isiyo na Binadamu

Jioni ile nilikuwa natafuta mishumaa tu. Stima ilikuwa imepotea Dunga nzima tangu mchana, na Sheryl alinipigia simu nikiwa njiani kwenda kwake, akaniomba nipitie dukani. Mumewe Obonyo alikuwa ametumwa mishumaa akarudi na ile midogo ya rangi rangi inayochomekwa kwenye keki. Sikushangaa. Obonyo ni mtu wa namna hiyo.

Nikanunua mishumaa ya watu wazima, nikashika barabara ya vumbi inayoteremka kuelekea ziwani. Jua lilikuwa linazama. Upepo ulikuwa umekatika kabisa, na ziwa lilinuka matope na dagaa wa omena kama kawaida yake. Kwapani nilikuwa na sanduku la mchezo.

Mchezo wenyewe nitaueleza mara moja, sina subira ya kurudia. Watu wanakaa mezani. Kila mmoja anajifanya kiumbe fulani katika dunia ya kubuni, anakipa jina, anakisimamisha mezani kwa kisanamu kidogo. Mmoja anasimulia yanayotokea, na dadu zenye pande ishirini zinaamua nani anapona. Anayesimulia ni mimi. Naitwa Agneta, ni mtu wa Bumula, hapa Kisumu nauza vipuri vya magari, na Jumamosi jioni mimi ndiye naamua nani anakufa.

Mezani kwangu kulikuwa na sheria moja. Hakuna kuchagua binadamu. Mtu aliyewekewa dunia nzima ya kubuni mbele yake, yenye majitu na majoka, halafu akachagua kuwa mtu, huyo angebaki kwake aoshe vyombo.

Lakini hata hao waliochagua vingine, Mungu wangu. Mathews anauza bima. Ni mfupi, tumbo limemtangulia, na kila mara bila kukosa anachagua elfi, wale warefu wembamba wenye masikio yaliyochongoka, wanaoishi karne na karne wakipiga mishale bila kutoka jasho. Mathews akipanda ngazi za ofisi yao anapumzika katikati. Rachael naye ni mwalimu wa chekechea. Kutwa anawafuta watoto kamasi kwa sauti ya upole. Akifika mezani anakuwa nusu-zimwi mwenye rungu, anavunja kila kitu, hata mlango ulio wazi. Nimesimulia michezo mingi na sijaona hata mmoja aliyechagua kiumbe kwa ubunifu. Wanachagua walichonyimwa, halafu wanakuja kunisumbua nacho.

Obonyo alikuwa mgeni kwetu. Sheryl nafanya naye kazi kaunta moja, na ndiye aliyeniomba nimkaribishe mumewe. Ndugu yake Obonyo alikuwa amepotea ziwani huko Asembo Bay mwaka uliopita. Alikuwa fundi wa injini za boti. Alitoka kujaribu injini aliyoitengeneza, na boti ikapatikana ikizunguka mahali pamoja, injini ikinguruma, bila mtu ndani. Tangu siku hiyo Obonyo haongei, anakaa tu akitazama maji, na Sheryl alikuwa na mimba ya mwezi wa mwisho.

"Mpe kitu ya kufanya na akili yake," aliniambia. "Mtoto akuje apate baba."

Nikakubali, kwa sharti kwamba tuchezee kwao, maana kwa Mathews kuna kunguni.

Nilipofika, Mathews na Rachael walikuwa wameshakaa na wanakula mandazi ya Sheryl kama watu waliotoka vitani. Sheryl mwenyewe alikuwa jikoni akigeuza mengine juu ya jiko la makaa, mkono mmoja kiunoni. Nikawasha mishumaa. Nikafungua sanduku. Kulikuwa na viti sita mezani na sisi tulikuwa wanne. Cha Sheryl kilikuwa karibu na mlango wa jikoni. Kingine, kilichokuwa kando yangu, hakikuwa cha mtu.

Wakatoa visanamu vyao. Elfi wa Mathews wa plastiki, upinde umevunjika. Zimwi la Rachael. Halafu Obonyo akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa, akakifungua taratibu.

Ndani yake kulikuwa na kisanamu cha kuchonga, kirefu kama kidole, cha rangi ya kahawia. Mtu wa maji. Wale wanaoishi chini ya ziwa, wenye ngozi kati ya vidole na mistari ya kupumulia chini ya masikio. Kilichongwa vizuri, siwezi kudanganya. Lakini kiumbe chenyewe nakidharau kuliko vyote. Nchi kavu hakiwezi kitu, na majini hakuna anayekifuata. Ni samaki aliyepewa maoni.

Rachael akakiinua, akakisifu, akauliza ni mti gani.

"Si mti," Obonyo alisema. "Ni yago."

Rachael alikiweka chini haraka, akajipangusa vidole kwenye sketi. Nikauliza yago ni nini. Rachael akanieleza kwa sauti ya chini, macho yake kwenye kisanamu. Ni tunda refu, zito kama gogo, linaloning'inia kwenye mti wake kwa kamba ndefu. Halilimwi, haliliwi. Mtu akipotea ziwani na mwili usionekane, watu wa kwao wanachukua yago, wanalilaza ndani ya jeneza, wanalizika kwa maombi na machozi, ili marehemu awe na mahali pake.

Nikasema, kwa hivyo mnazika tunda, mnalilia tunda, halafu mnarudi nyumbani mnakula wali. Hakuna aliyecheka. Mathews alijifanya anahesabu mishale yake.

"Yalikuwa mawili kwa kamba moja," Obonyo alisema. "Moja walizika. Hii nyingine nikabaki nayo, nikaichonga."

Kidogo kidogo akaanza kusema, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alisema mengi hivyo tangu msiba. Wakati wanasoma Bondo, yeye na ndugu yake walikuwa wakicheza mchezo huu huu, katoni ikiwa meza. Ndugu yake hakuchagua kiumbe kingine hata siku moja. Mtu wa maji, daima. Alikuwa akisema mtu wa maji hawezi kuzama. Walikuwa na safari waliyoiacha katikati, wakaahidiana kuimaliza likizo ikifika.

Nilimsikia. Nilimwonea huruma kiasi, kisha nikaangalia saa. Kila Jumamosi kuna mtu anakuja na huzuni yake mezani. Nikamwambia haya, shemeji, tumwite.

Kumwita ni desturi yangu mwenyewe, niliianzisha kwa sababu watu walikuwa wanaanza mchezo huku wanatafuna. Kabla ya kuanza, nagusa kichwa cha kila kisanamu, natamka jina na asili yake kwa sauti, na wote mezani wanajibu neno moja, karibu. Nikamwita elfi, wakajibu. Nikamwita zimwi, wakajibu. Nikagusa kile cha Obonyo. Kilikuwa na baridi. Nikauliza jina.

"Oduor."

Nikatamka. Oduor, wa watu wa maji, njoo mezani. Mathews na Obonyo wakajibu karibu. Rachael alichelewa kidogo, halafu naye akajibu.

Kijiko kikaanguka jikoni.

Sheryl alisimama mlangoni, unga mikononi. Hakunitazama mimi. Alimtazama mumewe.

"Umefanya aite nani?"

Obonyo alikivuta kisanamu karibu naye.

"Hiyo jina ni ya mtoto," Sheryl alisema. "Mama Dorca amengojea hiyo jina mwaka mzima. Obonyo, kwa nini?"

Ndipo nikaelewa kwamba Oduor ndiye ndugu aliyepotea, na kwamba Mama Dorca, mama mkwe wa Sheryl kule Asembo, alikuwa anahesabu siku ili mjukuu aitwe kwa jina hilo. Kwa watu wa huku marehemu hurudi kwa kuitwa. Mtoto anapewa jina lake, naye anatulia ndani ya mtoto, mambo yanaisha. Sheryl akaniambia nimtoe, nifute, nikiite kisanamu jina lingine. Nikamwambia asinichekeshe. Nikamwambia jina si sukari iishe kwenye kopo, na kwamba akina Oduor walioko Kisumu wanaweza kujaza uwanja wa mpira na wengine wakabaki nje. Isitoshe, mezani kwangu aliyeitwa ameitwa.

Sheryl akakaa kwenye kiti chake, mikono juu ya tumbo. Mimi nikaanza kusimulia.

Sikufika mbali.

Upepo ulirudi ghafla kutoka ziwani. Mapazia yakajaa. Mishumaa miwili ikazimika na mmoja ukabaki. Halafu, mbali, upande wa ufuoni, nikasikia mtu anapiga sufuria.

Kwa... kwa... kwa...

Mwingine akapokea. Mwingine tena, karibu zaidi. Karai. Bati. Kifuniko.

"Nyawawa," Rachael alinong'ona.

Nimekaa Kisumu miaka ya kutosha kuzijua nyawawa. Ni roho, wanasema, zinazotoka majini na upepo wa magharibi zikitafuta pa kuingia. Watu wanapiga chochote cha chuma, nyumba ikipokea kutoka kwa nyumba, mpaka kelele izisukume zirudi ziwani. Nyumba inayonyamaza ndiyo inayoingiwa. Nimemwona wakili akitoka nje na suti yake, akipiga kifuniko cha sufuria kwa kalamu ghali. Watu wenye digrii. Mimi hukaa ndani nikacheka.

Sheryl hakucheka. Aliinuka na uzito wake wote, akachukua sufuria na mwiko wa chuma. Alikuwa ameinua mkono kupiga pale Obonyo alipomfikia. Hakumnyang'anya kwa nguvu. Alimfungua vidole kimoja kimoja, kama anavyofunguliwa mtoto aliyeshika wembe, akaichukua sufuria, akaiweka chini ya kiti chake, akakaa hapo juu.

"Waache wapige," alisema. "Sisi tunamngoja."

Kelele zikafika kwa jirani wa kushoto. Zikaruka. Zikaendelea kwa jirani wa kulia. Katikati palikuwa na sisi, kimya, na mshumaa mmoja.

Kisha Dunga yote ikanyamaza kwa pamoja.

Nikafungua mdomo niseme kitu cha kukejeli. Nilikuwa nacho tayari. Harufu ikanifika kabla sijakisema. Si omena, si matope ya kawaida. Maji ya chini kabisa, yale ambayo hayajawahi kuona jua, na ndani yake harufu ya petroli.

Petroli ya injini ya boti.

Hatua barazani. Chap... Chap... Miguu mitupu, iliyolowa. Kitasa hakikugeuka na mlango haukufunguka, lakini hatua zikawa ndani. Kwenye saruji ya Sheryl iliyosuguliwa ilitokea alama ya maji. Halafu nyingine mbele yake. Vidole vilikuwa vimepanuka, na kati ya kidole na kidole hapakuwa na nafasi.

Mathews alikuwa anasali. Yule elfi wake asiyeogopa kitu alikuwa ameanguka kifudifudi mezani.

Alama zikafika kando yangu.

Kiti kisichokuwa cha mtu kikalia, kama kinavyolia kikikaliwa.

Sikugeuka. Nitakuwa mkweli, sikugeuka hata kidogo. Nilitazama kisanamu cha yago. Kilikuwa kimelowa chenyewe, kimevimba, na ile mistari ya kuchongwa chini ya masikio ilikuwa inafunguka... inafunga... inafunguka...

Baridi ikanigusa sikio. Sauti ilikuwa ndogo, ya kijana, yenye maji ndani.

"Ni zamu yangu?"

Hakuna mwingine aliyeisikia. Niliwatazama usoni mmoja mmoja nikajua. Hata Obonyo hakuisikia, ingawa machozi yalikuwa yanamtiririka na anatabasamu, akirudia kwa Dholuo, omera, bi, donji. Ndugu yangu, njoo, ingia. Nilimchukia wakati ule. Mtu anamkaribisha mfu nyumbani kwake huku mkewe ana mimba, kwa sababu ya mchezo wa katoni.

"Agneta."

Alikuwa Sheryl. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, uso umemkauka.

"Mtoto ameacha kusogea."

Obonyo akaacha kutabasamu.

"Tangu umwite hajasogea," Sheryl alinong'ona. "Sasa amekuwa baridi. Agneta, namsikia baridi ndani yangu. Amengojea mtu wake na mtu wake ameenda kukaa kwa hicho kitu."

Obonyo alimshika mkewe bega, kisha akatazama kile kiti, kisha akanitazama mimi. Alikuwa amemtaka ndugu yake jinsi alivyokuwa, mwenye utani wake na mafuta ya injini mikononi, si kichanga cha kubembelezwa. Hilo nililiona wazi. Na nililiona linavunjika.

"Mwambie," alisema. "Wewe ndiye unasimulia. Mwambie aende kwa mtoto."

Watu hawa. Wanavunja kila kitu, halafu wanakutazama wewe.

Nilikohoa. Sauti yangu ya kusimulia, ile ninayojivunia, haikutoka. Nikasema hivyo hivyo kwa sauti niliyokuwa nayo. Nikasema sheria imebadilika. Nikasema mezani kwangu, kuanzia sasa, binadamu anaruhusiwa. Kuna binadamu mmoja ambaye hana mtu ndani yake, yuko tayari, ana nyumba na mama na bibi anayemngoja Asembo. Nikasema Oduor, chagua tena. Chagua binadamu.

Mshumaa ukainama.

Baridi ikarudi sikioni, na safari hii nilisikia kitu nilichokijua vizuri sana. Nilisikia dharau. Ile ile yangu, ya mtu anayemtazama Mathews akichagua elfi.

"Binadamu?"

Akacheka kidogo, viputo vikipasuka.

"Nilishakuwa."

Dadu ikajirusha yenyewe. Iliviringika mezani ikiacha mstari wa maji, ikapita elfi, ikapita zimwi, ikasimama mbele yangu. Ishirini. Anayepata ishirini anapata anachotaka, vile anavyotaka. Sheria hiyo si yangu, ni ya mchezo.

Kiti kikalia tena. Alama zikaanza kutembea. Hazikwenda mlangoni. Zilizunguka meza, chap... chap... nyuma ya Rachael, nyuma ya Obonyo, zikafika kwenye kiti cha Sheryl.

Hapo zikakoma.

Sheryl alivuta pumzi kwa nguvu. Akainama. Tukadhani ameumia. Kisha akainua uso, umejaa machozi, akaanza kucheka.

"Amesogea! Obonyo, leta mkono, amesogea."

Obonyo alipiga magoti akaweka shavu kwenye tumbo la mkewe akalia kama mtoto. Rachael akamshukuru Yesu kwa sauti kubwa. Stima ikarudi. Mezani kisanamu cha yago kilikuwa kimepasuka katikati, na ndani kilikuwa kikavu, kitupu.

"Alikubali?" Sheryl aliniuliza. "Alikubali kuwa mtu?"

Walinitazama wote.

Nikasema alikubali. Nyinyi mngesema nini?

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, mzito, na wakamwita Oduor. Wakampeleka Asembo kwa bibi yake. Nilikwenda kumwona kwa sababu Sheryl aliniomba, na kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo. Mama Dorca ni mwanamke mwembamba, mnyamavu. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru, sijui Sheryl alimwambia nini. Obonyo alikuwa amenenepa. Alikuwa anaongea, anataniana na majirani. Nyumba ile ilikuwa na furaha ya kweli, nami nilikaa ndani yake na soda yangu nikitafuta kitu cha kudharau nisikipate.

Walisema ni mtoto mzuri ajabu. Halii, ila akikaa sana bila kuogeshwa. Ukimtia kwenye beseni ananyamaza papo hapo, hata maji yakimfunika uso, na hawana haraka ya kumtoa, anapenda mno. Sheryl alilisema hilo akicheka. Mama Dorca hakucheka. Alikuwa amemvalisha mtoto kofia ya sufu, iliyofungwa kidevuni, ikishuka mpaka chini ya masikio, na jua la Asembo lilikuwa kali mchana ule hata mbuzi walikuwa wamelala.

Nikauliza kama hasikii joto.

"Ni baridi ya ziwa, nyathina," Mama Dorca alisema, akiniita mtoto wake, na akaikaza kamba.

Sikuuliza tena. Wakanipakatisha mtoto. Alikuwa na baridi ya kitu kilichotolewa majini. Ngumi zake zilikuwa zimefungwa, na sikujaribu kuzifungua. Chini ya sufu, pande zote mbili, kitu kilikuwa kinainuka na kushuka polepole, na kifua chake kilikuwa kimetulia.

Siku hizi mezani kwangu kila mtu ni binadamu. Mathews amenuna, Rachael ameacha kuja. Wananiuliza sababu nami nawaambia elfi wamenichosha, jambo ambalo ni kweli.

Lakini siku ile, kule Asembo, nilitaka kumrudisha mtoto kwa mama yake haraka iwezekanavyo. Wakati namnyanyua akafungua macho. Vichanga wa umri ule huwa hawatazami mahali pamoja. Huyu alinitazama mimi. Alitulia, akangoja, vile wanavyonitazama wachezaji wangu wote dadu zikiwa tayari mkononi, wakingoja niwaambie ni zamu ya nani.